Damu Ikisema Kabla ya Presha

Mimi ni mkunga. Hapa Kinampanda, Iramba, wajawazito wengi hufika kliniki wakishamaliza palizi ya alizeti, mtoto ameshaanza kucheza tumboni. Namfunga mama mashine ya presha, nachovya kijiti kwenye mkojo wake, naandika kwenye kadi. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na mkojo ukiwa na protini, tayari ameingia kwenye njia ya kifafa cha mimba, hata kama hajisikii lolote.

Vipimo hivyo viwili vimeokoa akina mama wengi na sitaviacha. Ila vinaonyesha moto ukishawaka. Ugonjwa wenyewe huanzia kwenye kondo la nyuma, wiki nyingi kabla: mishipa ya mfuko wa uzazi haikupanuka ipasavyo, kondo linakosa damu ya kutosha, nalo linaanza kumwaga protini iitwayo sFlt-1 kwenye damu ya mama. Protini hiyo huinasa nyingine, PlGF, inayolinda mishipa ya damu, kama ulimbo unavyonasa ndege. Mishipa ikikosa ulinzi hubana na kuvuja. Presha inapanda, figo zinapitisha protini, kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli.

Haya yalifahamika mwaka 2003, pale Ananth Karumanchi na wenzake huko Boston, Marekani, walipowapa panya wenye mimba sFlt-1 na panya wakapata presha na mkojo wenye protini. Tangu hapo watafiti wakawa wanapima protini hizo mbili kwenye damu na kuzilinganisha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulihusu wajawazito walioshukiwa kuwa na ugonjwa huu. Uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF ukiwa 38 au chini yake, zaidi ya 99 kati ya kila 100 hawakuupata katika wiki moja iliyofuata. Ukizidi 38, waliougua ndani ya wiki nne walikuwa kama 37 kwa 100. Kwa hiyo kipimo hiki kina nguvu zaidi kinapomtoa mama hofu kuliko kinapomtia. Mei 2023 Marekani ilikiidhinisha kipimo cha namna hii kwa wajawazito waliolazwa kwa presha.

Kwetu mimi nakiona kama kipimo cha safari. Mama wa presha 138 kwa 88 anayeumwa kichwa, nimpe rufaa ya Kiomboi leo, au arudi nyumbani aje Jumatatu? “Nesi, nikilala huko wiki nzima, watoto nitamwachia nani?” Swali hilo ni zito: kuna nauli, kuna ndugu wa kumsindikiza, kuna mbuzi atakayeuzwa. Jibu la damu lingemruhusu mmoja akalale kwake kwa amani, na mwenzake aondoke mapema, kabla ya degedege ambayo majirani watasema amerogwa.

Mashine ya kipimo hiki inataka umeme usioyumba, vitendanishi na mtaalamu wa maabara. Damu inayopimwa kwa kawaida hospitalini, yaani chembe sahani, kreatinini na vimeng'enya vya ini, hueleza kama ugonjwa umeshagusa viungo, haibashiri. Natamani kipimo cha tone la damu kifike kwenye vituo kama hiki kabla hakijazoeleka mijini tu. Inanitia moyo kwamba mtandao wa utafiti wa PRECISE umekusanya damu za wajawazito wa Mariakani na Rabai, Kilifi nchini Kenya, na wa Gambia na Msumbiji, maana kipimo cha kutumia kwetu sharti kijaribiwe kwa damu zetu.

Wakati huo haujafika, lakini kinga ipo. Utafiti wa ASPRE wa mwaka 2017 uliwapa wanawake walioonekana kuwa hatarini aspirini ya miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na ya 14. Waliougua na kulazimika kujifungua kabla ya wiki ya 37 walishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Ndiyo maana nawasihi: dada aliyewahi kupata kifafa cha mimba, mwenye presha ya zamani, kisukari, figo au mapacha, asisubiri palizi iishe. Aje miezi mitatu ya kwanza, aulize kuhusu aspirini, asijinunulie dukani. Aulize na kalsiamu: utafiti uliofanyika Dar es Salaam na India, ukachapishwa 2024, ulionyesha miligramu 500 kwa siku hazikupitwa na 1,500 katika kuzuia ugonjwa huu kwa mimba za kwanza, na vidonge vichache humezwa kwa urahisi zaidi.

Kichwa kikiuma bila kuachia, macho yakififia, au maumivu yakikaa chini ya mbavu upande wa kulia, piga 115, namba ya usafiri wa dharura wa m-mama, hata usiku. Na baada ya kujifungua presha bado inaweza kupanda, kwa hiyo mama arudi kupimwa ndani ya siku chache, na tena wiki ya sita.