Soweto Mashariki pumzi zipo, sikio la mwalimu ndilo adimu

Aingiaye Soweto Mashariki, Kibera, saa za alasiri akitokea upande wa barabara ya Mbagathi, hupokewa na sauti kabla hajapokewa na watu. Kuna redio zishindanazo, kuna fundi agongaye bati, kuna watoto, kuna mama muuza samaki wa kukaanga aitaye wateja, na wakati ukifika kuna adhana. Siku moja mwezi uliopita nilisikia katikati ya hizo zote sauti nisiyoitarajia. Ilianza nyembamba, ikanenepa, ikashikilia noti moja muda mrefu hata nikadhani mpulizaji amejisahau. Ikanyamaza. Kisha ikaanza tena noti ile ile.

Mpulizaji alikuwa kijana wa kidato cha tatu, amekalia ndoo iliyofudikizwa mlangoni pa chumba wakaacho na mama yake. Mkononi ana klarineti. Nilipomuuliza mbona hapigi wimbo, alinijibu kwa adabu: "Mzee, mwalimu ameniambia wiki hii ni noti moja tu. Hataki iyumbe."

Msomaji, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kila Jumamosi asubuhi kijana huyu hutoka Soweto Mashariki kwa miguu hadi mjini, kufundishwa nusu saa. Ni yeye na mwalimu wake, hapana wa tatu. Ada hutoka kwa mama yake auzaye mboga, na kila ikilipwa, kuna jambo jingine nyumbani ambalo halikulipwa. Shuleni anasoma Muziki, na mtihani wa kidato cha nne una sehemu ya vitendo, ambapo mtahiniwa husimama mbele ya mtahini na kuonyesha awezalo. Hapo hapana mahali pa kujificha. Noti ikiyumba, imeyumba.

MMOJA KWA MMOJA

Huenda mtu akauliza: kwani shule haifundishi? Inafundisha. Mtaala wa siku hizi umeiingiza hata rekoda, ile filimbi ya plastiki, katika madarasa ya shule za msingi, na wazazi wengi wa Kibera wameinunua. Lakini watoto 40 wakipuliza kwa pamoja, mwalimu husikia kelele moja. Hawezi kujua ni nani aliyeacha tundu wazi.

Na ala za kupuliza hazisamehi jambo dogo. Klarineti ina matundu yazibwayo kwa vidole, na mengine kwa vifuniko vya chuma. Kidole kimoja kikiacha upenyo mdogo kama unywele, noti hulia kama bata. Mwanafunzi aliye peke yake hudhani upungufu ni wa pumzi, akapuliza kwa nguvu zaidi, na kosa likazidi. Mwalimu aliyekaa ubavuni pake hukiona kidole kabla ya kuusikia mlio.

Kijana alinionyesha alivyofundishwa. Mdomo wa chini hukunjwa kidogo juu ya meno ya chini, meno ya juu hukaa juu ya kipulizio, mashavu hayavimbi. Pumzi husukumwa na tumbo, si na kifua. Na noti haianzi kwa kupuliza tu, bali ncha ya ulimi hugusa kile kipande cha mwanzi kilichofungwa kwenye kipulizio, kama mtu atamkaye "tu".

Nilipomsikiliza nilikumbuka chuoni. Sisi watoto wa pwani tuliosomeshwa Kurani tulikaa mkekani wengi, kila mmoja akisoma mahali pake kwa sauti, hata mpita njia akadhani ni fujo. Lakini ilipofika zamu yako, ulikwenda ukakaa mbele ya mwalimu peke yako. Ndipo alipokufundisha makharij, yaani mahali kila herufi itokapo: ya kooni itoke kooni, ya ncha ya ulimi itoke ulimini, ya midomo itoke midomoni. Hukuongezewa aya mpaka ile ya kwanza inyooke. Mtoto angeweza kuhifadhi maneno kwa kuwasikiliza wenzake, lakini herufi iliyopinda haikunyoshwa na wenzake. Ilinyoshwa na sikio la mtu mzima mmoja, lililoacha mengine yote ili likusikilize wewe.

Basi nikaona kuwa kijana wa klarineti na mimi tumepita chuo kimoja, ingawa vitabu ni mbalimbali.

Mimi mwenyewe pumzi ilinishinda udogoni. Kwetu pwani tuna zumari, na arusi za zamani hazikukamilika bila ya sauti yake. Alikuwako mzee mmoja mpiga zumari ambaye nilimfuata kila alipoalikwa. Alikuwa akivuta pumzi puani huku mashavu yake yakiendelea kusukuma hewa, hata wimbo haukukatika. Nilijaribu siri hiyo kwa bua la mpapai hata kichwa kikaniuma. Mzee hakuwa na nusu saa ya kunipa, nami sikuwa na cha kumpa. Nilijifunza kwa kutazama, nikaishia kuwa mtazamaji.

MPINGO WASAFIRI

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa Soweto hukutana nalo, nalo ni ala yenyewe. Klarineti za wapigaji mashuhuri huchongwa kwa mpingo, mti uotao katika nchi zetu hizi, hasa kusini mwa Tanzania huko Kilwa na Lindi, na kaskazini mwa Msumbiji. Ni mti wa subira. Huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kufaa kukatwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata hati ya kimataifa ya FSC ya utunzaji wa misitu, ili mpingo wao uuzwe kwa kujulikana ulikotoka na wanakijiji wapate haki yao.

Mti huo huvuka bahari, ukageuzwa klarineti huko Ufaransa na Ujerumani. Wahenga wetu walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mpingo nao hurejea Nairobi, lakini unaporejea bei yake haisemeki mbele ya mama auzaye mboga. Klarineti ya kijana huyu ni ya plastiki nyeusi, tena ya kuazimwa. Sisemi kwa kumsikitikia, maana plastiki haipasuki kwa jua wala baridi, nayo yatosha kwa mwanafunzi.

Kinachomsumbua zaidi ni ule mwanzi wa kipulizio. Ni kipande chembamba kuliko ukucha kwenye ncha yake, huuzwa kwa namba kulingana na ugumu wake, na huchakaa upesi. Kijana anayo miwili. Mmoja, uliomeguka pembeni, ni wa mazoezi. Mzima ni wa Jumamosi, na huo hautoi kwenye kijaluba chake mpaka afike mbele ya mwalimu.

MAHALI PA KUPULIZIA

Sauti ya ala za kupuliza huenda si ngeni Kibera. Mtaa huu ulianza kwa askari wa Kinubi wa jeshi la KAR, na jina lake latokana na neno lao, Kibra, yaani msitu. Siku hizo palikuwa na nafasi ya kupuliza. Leo ukuta wa bati ni mmoja kwa familia mbili, na kikohozi cha jirani ni chako. Mwaka 2009 familia za sehemu moja ya Soweto Mashariki zilihamishiwa Lang'ata kupisha ujenzi, na mwaka 2016 nyumba mpya 822 zikakabidhiwa. Ni kuta za mawe, lakini huko nako juu pana mtu na chini pana mtu.

Kwa hiyo mwanafunzi aweza kulipa ada, akapata na ala, kisha akakosa mahali pa kupulizia. Na somo la nusu saa bila ya mazoezi ya wiki nzima ni maji ndani ya pakacha. Wala klarineti hainyamazishwi. Tarumbeta ukiiziba mdomo sauti hupungua, lakini klarineti hutoa sauti kwa kila tundu lililo wazi.

Jirani wa kijana huyu ni mlinzi wa usiku, alalaye mchana. Mwanzoni palikuwa na ugomvi, tena mkali, hata mama akataka ala irudishwe ilikotoka. Mwisho walipatana. Mchana kijana hufanya mazoezi ya vidole tu, bila ya kupuliza. Saa kumi jirani akiamka, ruhusa hutolewa, hata saa kumi na moja na nusu.

Nairobi haina uhaba wa mafunzo. Kenya Conservatoire of Music imekuwako tangu mwaka 1944, na Korogocho kuna Ghetto Classics, ulioanza mwaka 2008, unaofundisha watoto ala za kupuliza na za nyuzi huko huko mtaani kwao. Mfano huo wa Korogocho wafaa kuigwa. Soweto Mashariki ina shule, makanisa na madrasa ambavyo vyumba vyake hukaa vitupu saa nyingi za juma. Anayeweza kufungua chumba kimoja kwa saa mbili amefanya jambo kubwa. Na mpigaji mzoefu atakayekaa humo amsikilize mtoto mmoja kwa nusu saa amefanya kubwa zaidi. Vipaji havihitaji kuletwa, maana nimevisikia kwa masikio yangu.

Nikiwa bado pale mlangoni, yule jirani alitoka amevaa koti lake la kazi, tochi mkononi. Nilijitayarisha kusikia malalamiko. Akasimama, akamwambia kijana: "Leo imekaa. Jana ilikuwa ikitetemeka mwishoni."

Kisha akashika njia ya kazini. Kijana akatazama saa, akaona bado dakika tano, akaulowesha mwanzi wake uliomeguka, akaanza tena noti ile ile.