Akina Mama Mia na Vitanda vya Watoto

Likelemba twaijua sote. Akina mama kumi wa mtaa mmoja, au wauzaji wa soko moja, hukutana kila juma; kila mmoja hutoa fedha yake, na fungu lote hupewa mmoja wao. Juma lifuatalo zamu ni ya mwingine. Ndugu zetu wa Kenya wana chama, wale wa Tanzania wana upatu. Ni shauri jema, nasi hatutaki kulidharau, maana limelipa karo za watoto wengi, na limeezeka nyumba nyingi kwa mabati. Lakini katika likelemba fedha inayotoka mkononi mwa mama hurudi mkononi mwake. Leo twataka kusema habari ya fungu lisilorudi, yaani fedha ambayo akina mama huichanga ili iende kwa watu ambao pengine hawatawaona kamwe.

Habari hii inatoka mbali, katika mji wa Jackson, jimbo la Michigan, nchi ya Marekani. Si mji mkubwa: wakaaji wake ni watu 31,000 hivi. Mwaka 2006 bibi mmoja wa mji huo, Karen Dunigan, aliyepata kuwa meya wake, alipashwa habari ya kusikitisha na kituo cha afya cha pale. Kulikuwa na mama vijana waliojifungua, wakarudi nyumbani pasipo kuwa na mahali pa kumlaza mtoto. Wengine waliwalaza watoto wao ndani ya masanduku, wengine ndani ya droo ya kabati. Kituo kilitaka kuwanunulia vitanda vidogo vyenye kingo, nacho kilihitaji dola 10,000.

Pengine mama msomaji atashangaa na kuuliza: Je, mtoto mchanga ana haja gani ya kitanda chake mwenyewe? Sisi sote tulilala ubavuni pa mama zetu, na tumekua. Ni kweli. Lakini vitanda vya nchi ile ni laini mno, vimejaa mito na mablanketi mazito, na waganga wao waonya kwamba mtoto aliyelazwa humo aweza kuzibwa pumzi usiku bila mtu kusikia. Kwa hiyo kitanda kile si pambo, ni kinga ya uhai.

Bibi Dunigan angeweza kumtafuta tajiri mmoja. Angeweza kufanya karamu, na kuuza tikiti, na kukodi jumba, mpaka nusu ya fedha iishe kwa matayarisho. Hakufanya hivyo. Alifanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu aweza kuifanya ubaoni: wanawake 100, kila mmoja dola 100, jumla dola 10,000. Akawaita wanawake aliowajua. Wakakutana mwezi wa Novemba mwaka ule, kwa muda wa saa moja tu, na saa hiyo ilipokwisha walikuwa wametoa dola 12,800.

Kama wangeishia hapo, tusingekuwa na la kuandika. Watu hutoa kwa moyo mara moja, kisha husahau. Lakini wale wanawake walikubaliana kukutana mara nne kwa mwaka, na desturi yao yastahili kuangaliwa kwa makini. Kila mwanachama aweza kuandika katika kikaratasi jina la chama cha hisani cha mji wao au wilaya yao, nacho kikaratasi hutiwa ndani ya kofia au kikapu. Hutolewa majina matatu kwa kura. Aliyeliandika jina lililotoka husimama na kueleza kazi ya chama hicho kwa dakika tano, wala haongezewi. Wenzake huuliza maswali. Kisha wote hupiga kura ya siri, na chama kilichopata kura nyingi ndicho hupokea fedha ya wote. Hata yeye aliyependa kingine hutoa dola zake 100.

Sheria hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Kutoa kwa ajili ya jambo ulilolichagua mwenyewe si kazi kubwa. Lakini mama aliyesimama akawatetea vipofu kwa machozi, akaona kura zimekwenda kwa timu ya mpira ya watoto, naye papo hapo atie sahihi kwa ajili ya mpira, huyo amefundishwa kitu ambacho mabaraza mengi ya wanaume hayajakijua bado. Tumewahi kuketi katika mikutano ambamo aliyeshindwa hoja aliondoka na mchango wake mfukoni, akawashawishi na nduguze waondoke.

Tena yafaa tutazame fedha yenyewe inavyokwenda. Kila mwanamke huandika hundi yake moja kwa moja kwa jina la chama kilichoshinda. Kikundi hakina sanduku, wala hakina mtunza fedha. Ni nani kati yetu hajasikia habari ya likelemba iliyovunjika kwa sababu mwenye kitabu alihama usiku? Mahali pasipo na sanduku, hakuna wa kulivunja. Na katika mkutano unaofuata, mjumbe wa chama kilichopokea huja kuwaeleza wanawake jinsi fedha yao ilivyotumika.

Shauri hilo lilienea. Leo kuna mamia ya vikundi vya namna hiyo, katika Marekani, katika Kanada na kwingineko, wala si vya wanawake tu. Kabla yake, mwaka 2001, huko Cincinnati, bibi Wendy Steele alikuwa ameanzisha kikundi kiitwacho Impact 100, ambamo kila mwanamke hutoa dola 1,000 kwa mwaka, ili mia wakitoa wawe na dola 100,000 za kumpa mmoja. Hicho, tuseme wazi, si cha maskini.

Wala tusidhani kwamba mambo yao hayana kasoro. Dakika tano zampendelea mwenye ulimi mwepesi. Chama kinacholisha watoto yatima kina hadithi ya kugusa moyo. Chama kinachotaka kutengeneza bomba la choo hakina. Hata dola 100 ni nyingi kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo, ndiyo sababu vikundi vingine vimeruhusu marafiki wawili au wanne kuungana na kuwa na kura moja. Na tena, wale mama vijana wa Jackson waliopokea vitanda hawakuketi katika mkutano ule. Waliamuliwa na wengine. Laiti mmoja wao angepewa zile dakika tano!

Huku kwetu Kongo, vijiji vingi vina vikundi vya AVEC, ambavyo mfano wake ulianza katika nchi ya Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Wanachama ni 15 mpaka 25 au zaidi kidogo. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali. Pamoja na akiba, kila mkutano hutiwa kiasi kidogo katika mfuko wa pembeni, wa kumsaidia mwanachama aliyepatwa na ugonjwa au msiba. Basi mlango umekwisha funguliwa nusu. Wanachama 25, kila mmoja akiongeza franka 1,000 mara nne kwa mwaka, watakuwa na franka 25,000 kila mara, zisizo za mwanachama yeyote. Hazitajenga maternite. Lakini zaweza kununua sabuni, mafuta ya taa, au kitambaa cha kumpokelea mtoto.

Kwanza lakini aende mama mmoja kwa mkunga, asubuhi kabla wagonjwa hawajawa wengi, amwulize ni kitu gani kimekosekana juma hili. Aandike jibu lake katika kikaratasi.