Kuvunjika kwa Uzi si Mwisho wa Dansi

Ilikuwa yapata saa saba za usiku, ukumbi umejaa, na bendi imeshaingia kwenye chemko, ile sehemu ambayo waimbaji hunyamaza na magitaa yakaachiwa uwanja. Ghafla besi ikakatika. Anayecheza dansi huikosa besi tumboni kabla hajaikosa masikioni. Niliona mabega ya watu yakilegea. Mpiga besi hakukunja uso. Alimtupia jicho mpiga tumba, naye akahamia kwenye ngoma kubwa na kuliziba pengo kwa mapigo mazito. Mpiga rithim akashuka kwenye nyuzi nene. Mpiga besi akateremsha sauti ya amplifaya mpaka mwisho ili spika isipigwe na kishindo, akachomoa waya, akachukua mwingine uliokuwa umetundikwa nyuma yake, akachomeka, akapandisha sauti taratibu, akaingia mzunguko ulipoanza upya. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, utadhani ukimya ule ulikuwa umepangwa.

Wimbo ulipokwisha aliuokota ule waya mbovu, akaufunga fundo kwenye ncha, akauweka pembeni. Nikamwuliza fundo ni la nini.

"Mdogo wangu, humu jukwaani tupo wengi," akanijibu. "Mwenzangu akiliona fundo, hatauchomeka."

Fundo lile ndilo lililonifanya niandike. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wanamuziki wa dansi wa Tanzania wameuishi msemo huo tangu magitaa ya umeme yalipoingia kwenye bendi zetu. Tunazisifu nyimbo zao, na ni haki. Lakini mila yao ya kutunza vyombo, kuvigeuza na kuokoana vinapokufa mbele ya watu inastahili heshima ileile, kwa sababu bila hiyo nyimbo nyingi zisingefika mwisho.

Mila hiyo ina asili yake. Kwa miaka mingi chombo hakikuwa mali ya mpigaji. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; ndiyo iliyokuja kuitwa Juwata, kisha OTTU, hadi ikawa Msondo Ngoma. Mlimani Park, maarufu kwa mtindo wa Sikinde, iliundwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, Polisi Jazz ya jeshi la polisi, Bima Lee ya shirika la bima. Mwanamuziki aliajiriwa, akaikuta besi, akaipiga, na siku alipohamia bendi nyingine aliiacha palepale ilipokuwa. Besi moja ilipita mikononi mwa watu wengi, na aliyeipokea alirithi pia kasoro zake na maarifa ya kuzizima. Anayekukabidhi chombo sharti akwambie: kitufe hiki usikiguse, uzi huu hukaza kupita kiasi, jeki hii inataka waya uingie kwa pembe.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na bidhaa za nje zikawa za kutafutwa kwa tochi. Nyuzi za besi zilikuwa miongoni mwa bidhaa hizo. Ndipo unapoelewa kwa nini mpiga besi wa zamani hatupi uzi kirahisi.

Uzi wa besi haufi kwa kukatika tu. Jasho, mafuta ya vidole na vumbi huingia katikati ya mizunguko ya waya uliouvika uzi, na sauti hupoteza mng'aro, ikawa butu kama ngoma iliyolowa. Dawa yake wapigaji wa nchi nyingi wanaijua: nyuzi hufunguliwa, huviringishwa, hutiwa kwenye sufuria ya maji na kuchemshwa kwa dakika kadhaa. Maji hubadilika rangi kwa uchafu. Baada ya hapo hufutwa kwa kitambaa kikavu na kuanikwa mpaka unyevu wote utoke, maana maji yakibaki ndani, kutu huumaliza uzi. Sauti hurudi, ijapo kwa siku chache. Na hapa pwani, penye hewa ya chumvi, kuna sheria isiyoandikwa: besi hairudishwi kwenye mkoba kabla ya kufutwa nyuzi, hata kama gari la bendi linapiga honi nje.

Kutunza ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kuigeuza besi ifuate mazingira. Besi ya umeme ilibuniwa kwingine: Leo Fender aliitoa Precision Bass huko California mwaka 1951, na mpaka leo nyingi hufuata mfano ule wa nyuzi nne, E, A, D na G. Lakini aliyeichora hakuwa akifikiria kumbi zetu. Besi nyingi za kisasa zina sakiti ya kukuza sauti inayotumia betri ya volti 9. Betri ikichoka katikati ya onyesho, sauti hukonda, hukwaruza, kisha hufa. Katika aina nyingi betri huanza kuliwa pale tu waya unapochomekwa, kwa hiyo anayesahau kuuchomoa usiku huamka na besi bubu.

Hapo ndipo fundi redio anapoingia katika familia ya bendi. Hufungua kifuniko cha nyuma, hulehemu upya, na kuziunganisha pikapu na vitufe na jeki bila kupitia ile sakiti. Besi hupoteza sehemu ya uwezo wa kuremba sauti, lakini haidai betri tena. Fundi huyo huenda hajui kupiga hata noti moja, lakini kazi anaielewa, kwani pikapu ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele, na sumaku na shaba ndiyo mkate wake wa kila siku katika spika. Huohuo mkono huweka karatasi ya alumini ndani ya tundu la besi ili kupunguza mvumo, au huchonga mfupa wa ng'ombe kuwa kidaraja cha kichwani cha kupitishia nyuzi, cha plastiki kikivunjika. Jirani zetu nao wanaujua ufundi wa namna hii: jijini Kinshasa, Mawangu Mingiedi, mwasisi wa bendi ya Konono No. 1, alizipa likembe, zile ala za vijiti vya chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, sauti ya umeme kwa sumaku za vipuri chakavu vya magari, na moja ya likembe hizo ilishika kazi ya besi.

Hata hivyo hakuna matengenezo yanayoondoa ajali zote, na ndiyo maana jukwaa lina adabu zake. Ya kwanza ni utulivu: chombo kikifa, hakuna kumkaripia mtu mbele ya wateja. Maneno yote hungoja mpaka vyombo vipakiwe. Ya pili ni mpangilio wa kutafuta ugonjwa. Huanzwa na waya, kwa sababu ndio unaokanyagwa. Kisha jeki, kwa sababu nati yake hulegea na waya za ndani hujisokota mpaka zikakatika. Kisha vitufe, na mwisho amplifaya. Anayeanza kwa kufungua amplifaya huonekana bado mgeni. Ndiyo sababu pia mpigaji aliyefunzwa huupitisha waya ndani ya mkanda wa bega kabla ya kuuchomeka: mtu akiukanyaga, mkanda ndio unaovutwa na jeki inapona.

Ya tatu ni kubebana. Uzi mnene ukikatika, noti zake za chini hupigwa oktavu moja juu zaidi kwenye uzi wa pili, na mpigaji humaliza wimbo na nyuzi tatu. Besi ikifa kabisa, mpiga kinanda huichukua kwa mkono wa kushoto. Mwimbaji naye hurefusha salamu, akawataja wageni waliofika, akamtania mpiga dramu, mpaka apate ishara kwamba mambo yamekaa sawa.

Kuna adabu moja ambayo si ya heshima tu bali ya uhai. Umeme ukikatika na jenereta likawashwa, au ukumbi ukiwa hauna ethi ya kuaminika, mwili wa mpigaji unaweza kuwa daraja kati ya nyuzi na maikrofoni. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland, alikufa jukwaani Swansea kwa kushika maikrofoni isiyokuwa na ethi. Wapigaji wenye uzoefu hawaisogelei maikrofoni kwa midomo kabla ya kuipima, na anayesikia msisimko wa shoti kidoleni husimamisha muziki hapohapo. Kwa hilo tu, kukatisha wimbo si aibu.

Na pale mbinu zote zikishindwa, kuna kuazima. Husemwa nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini miongoni mwa wapiga besi chombo cha kuazima kimesitiri watu usiku mwingi. Deiwaka, yaani mpigaji wa kibarua anayezunguka bendi hii na hii, hubeba nyuzi za akiba kwenye mkoba, na hata bendi zilizokuwa zikishindana vikali kuwania mashabiki hazikukataa kupeana waya. Aliyeazima hurudisha chombo kikiwa kimefutwa, na kama alikata uzi, hurudisha na uzi.

Sasa vijana wengi wana besi zao wenyewe, na wengine huimba juu ya muziki uliorekodiwa ambako hakuna kinachokatika wala anayemwokoa mwenzake. Sina ugomvi na hilo. Hofu yangu ni kwamba maarifa haya yamo vichwani mwa wazee na mikononi mwa mafundi wachache wa mitaani, na mzee akienda, huenda nayo. Kiongozi wa bendi, mweke kijana mmoja kando ya mpiga besi wako, mpe chuma cha kulehemu na risasi, afungue na afunge mpaka ajue. Walimu wa muziki pale chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, na kwingineko, waiteni wazee hawa na mafundi redio darasani, wafundishe kwa mikono yao, na yaandikwe.

Nawe msomaji, siku besi itakapokatika ukumbini, usizomee wala usirudi kitini. Piga makofi kwa kufuata tumba mpaka irudi.