Kwa nini wapanda mlima Korea hawalipi tena langoni mwa hekalu

WAKAZI wa jiji la Daejeon, Korea Kusini, hawana haja ya kusafiri mbali kutafuta mlima. Basi la jiji huwafikisha hadi chini ya Gyeryongsan, ulioko magharibi mwa jiji hilo, na kutoka hapo safari ni ya miguu.

Mlima huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1968, ukiwa wa pili nchini humo baada ya Jirisan. Hata hivyo, karne nyingi kabla ya serikali kuweka mipaka hiyo, watawa wa Kibudha walikuwa wamekwisha kujenga mahekalu humo.

Upande wa mashariki lipo hekalu la Donghaksa, lenye mojawapo ya vyuo vikongwe vya watawa wa kike. Upande wa magharibi lipo Gapsa, ambako kuna kengele ya shaba ya mwaka wa 1584. Wakoloni wa Kijapani waliitwaa ili waiyeyushe kuunda silaha, lakini ikanusurika na kurejeshwa baada ya ukombozi wa 1945.

Apandaye kutoka Donghaksa hukutana na minara miwili ya mawe, Nammaetap, yaani minara ya kaka na dada. Masimulizi yasema mtawa alimtoa chui-milia mfupa kooni, naye mnyama akamletea msichana kwa shukrani. Wawili hao wakaishi kama ndugu, wakimwabudu Budha hadi mwisho wa maisha yao.

Hapo ndipo ulipozuka mgogoro. Sheria ya mwaka wa 1962 iliwaruhusu wamiliki wa turathi za kitaifa kutoza kiingilio. Kwa kuwa njia za mlimani hupitia ardhi ya mahekalu, ada hiyo ilikusanywa pamoja na ya hifadhi.

Serikali ilipofuta ada ya hifadhi Januari 2007, wapanda mlima walidhani wamepumzika. Mahekalu yakaendelea kutoza. Mpanda mlima aliuliza: nilipie nini hekalu nisilolitembelea? Watawa nao wakajibu kwamba ardhi ni yao, na gharama ya kutunza majengo ya kale huwaelemea wao. Kila upande ulikuwa na hoja, na baadhi ya kesi zikafika mahakamani.

Suluhu ilipatikana pale sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, ili serikali imfidie mmiliki anayeacha kutoza. Kuanzia Mei 4, 2023, mahekalu zaidi ya 60 ya madhehebu ya Jogye, makubwa kuliko yote nchini humo, yaliacha kudai ada hiyo.

Gharama haikutoweka, ila imehamishiwa kwa mlipakodi, hata yule asiyepanda mlima kamwe. Wakorea wameamua kwamba paa la hekalu la kale ni mzigo wa taifa zima, wala si wa mpita njia peke yake.