Kujaa na Kupwa kwa Maji: Kutoka Kilombero hadi Suez na Panama

Kila masika Mto Kilombero hufurika na kufunika mbuga pana karibu na Ifakara. Yafaa mwanafunzi afahamu kwamba kupanda huko si sawa na kujaa kwa bahari. Ifakara iko zaidi ya mita 200 juu ya usawa wa bahari. Mto hupanda kwa mvua, na hukawia kushuka. Bahari hujaa na kupwa kwa mvuto wa mwezi na jua, na baina ya kujaa na kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25.

Hata hivyo, maji yote hutii kanuni moja: hutiririka kutoka usawa wa juu kwenda wa chini. Kilombero huungana na Luwegu kuwa Mto Rufiji, ambao humwagika baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Huko deltani, bahari ikijaa mkondo hugeuka kuelekea bara. Ikipwa, hurudi baharini.

Je, mfereji wenye bahari kila upande huwaje? Bahari mbili hazijai kwa wakati mmoja wala kwa kimo kimoja, na tofauti hiyo ndiyo iendeshayo mkondo.

Mfereji wa Suez

Mwaka 1799 wapimaji wa Napoleon walikadiria kwamba Bahari ya Shamu iko juu ya Mediterania kwa karibu mita 10. Vipimo vya 1847 vilionyesha kuwa tofauti ni ndogo mno. Kwa hiyo mfereji uliofunguliwa mwaka 1869 hauna milango ya kuzuia maji. Mjini Suez maji ya bamvua hupanda karibu mita 2. Port Said, karibu nusu mita tu. Mkondo wa sehemu ya kusini hugeukageuka kwa kujaa na kupwa, lakini Maziwa Machungu yaliyo njiani huupunguza nguvu, kama mbuga ya Kilombero ipunguzavyo kasi ya mafuriko.

Mfereji wa Panama

Upande wa Pasifiki bahari hupanda hadi karibu mita 6. Upande wa Atlantiki, chini ya mita 1. Tangu 1914 meli hupandishwa kwa vyumba vyenye milango hadi ziwa lililo mita 26 juu ya bahari. Ziwa hilo hutegemea mvua: ukame wa 2023 ulilazimu idadi ya meli kupunguzwa.

Funzo kwetu

Delta ya Rufiji haina milango. Kinachozuia maji ya chumvi yasipande hadi kwenye mashamba ya mpunga ni nguvu ya maji baridi, na sehemu kubwa ya maji hayo hutoka Kilombero. Kadiri usawa wa bahari duniani unavyopanda, ndivyo kila tone linalozuiliwa huku juu linavyozidi kuwa na thamani kule chini.

Jaribio: unganisha ndoo mbili za maji kwa mpira uliojaa maji, kisha inua moja. Mkondo unaelekea wapi, na unakoma lini?