Hapa Kulikuwa kwa Nani? Historia ya Ardhi Tunayolala Juu Yake

Mwezi huu nataka tuongee juu ya swali ambalo lilinishinda mimi mwalimu mbele ya mwanafunzi wangu.

Ilikuwa kwenye bomba la maji. Mtoto mmoja wa P.4 aligombana na mtoto wa wenyeji juu ya foleni ya jerikani. Mwenyeji akamwambia, "Rudini kwenu, hapa ni kwa babu yangu!" Mwanafunzi wangu akaja kwangu machozi yanamtoka: "Mwalimu, ni kweli? Hapa kulikuwa kwa nani?" Nikanyamaza. P.4 tunafundisha habari za wilaya yetu, na mimi nimekulia hapa hapa kambini, lakini jibu sikuwa nalo. Kwa kweli nilipata aibu.

Basi nikaanza kusoma na kuuliza wazee. Haya ndiyo niliyoyapata.

Zamani, kabla ya wazungu, hapa Isingiro ilikuwa sehemu ya ufalme wa Nkore. Mfalme aliitwa Omugabe, na ngoma ya ufalme iliitwa Bagyendanwa. Wahima walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa pembe ndefu, Wairu walikuwa wakulima. Wazee wa simulizi wanasema mfalme wa kwanza alikuwa Ruhinda. Kwa hiyo ardhi hii haikuwa pori la bure. Ilikuwa na wenyewe na sheria zake.

Mwaka 1889 mzungu Stanley alipita Ankole na msafara wake, na kukafanywa undugu wa damu kati yake na mjumbe wa Omugabe Ntare wa Tano. Mwaka uliofuata, 1890, Waingereza na Wajerumani walikaa huko kwao Ulaya wakagawana nchi zetu kwa kalamu. Mpaka wa Uganda na ile iliyo Tanzania leo ulichorwa kama mstari ulionyooka kwenye ramani. Hakuna mtu wa Isingiro aliyeulizwa. Sisi Wakongomani tusicheke, na sisi tuligawanywa vivyo hivyo: mwaka 1885 Kongo ilipewa mfalme wa Ubelgiji, Leopold wa Pili. Na ndugu zetu wa Rwanda na Burundi walianza na Wajerumani, kisha wakapewa Wabelgiji.

Miaka hiyo ya 1890 ilikuwa mibaya sana. Ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi, njaa ikaingia, na jeshi la mfalme Rwabugiri wa Rwanda likashambulia Nkore. Ntare alikufa mwaka 1895. Waingereza walikuta nchi imechoka, ndiyo maana iliwawia rahisi. Kitu kama hicho tunakijua sisi: mtu akishachoka, anasaini karatasi yoyote.

Mji wa Mbarara, tunakokwenda kutafuta hospitali kubwa na bidhaa, ulianza kama kituo cha serikali ya Waingereza mwishoni mwa miaka hiyo. Jina lake linatokana na nyasi zinazoitwa emburara. Mwaka 1901 Omugabe Kahaya wa Pili na machifu wake waliweka mkataba na Waingereza. Nchi ndogo za jirani kama Igara na Buhweju ziliunganishwa na Nkore, na yote ikaitwa Ankole. Kodi ya nyumba ikaingia. Mtu mwenye nguvu pale alikuwa waziri mkuu, Nuwa Mbaguta.

Lakini amani haikukamilika. Mwezi wa tano 1905, ofisa Mwingereza aitwaye Harry Galt aliuawa kwa mkuki kule Ibanda. Sababu haijulikani vizuri hata leo. Waingereza walikasirika na kuusimamisha ule mkataba mpaka mwaka 1912. Mtu mmoja anarusha mkuki, nchi nzima inalipa. Rundo la mawe la kumbukumbu bado liko Ibanda.

Sasa sikilizeni hili, wazazi. Sisi sio wakimbizi wa kwanza Uganda. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Wapolandi kama 7,000 waliletwa Uganda wakakaa kambi za Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja. Kumbe hata wazungu walikuwa wakimbizi Afrika! Halafu Wanyarwanda walianza kukimbia mwaka 1959, na Nakivale ikatangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Uganda ilipata uhuru mwaka 1962. Maana yake makazi haya yana umri mkubwa kuliko uhuru wenyewe. Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967, na Isingiro ikatengwa na Mbarara kuwa wilaya mwaka 2005.

Baada ya kujua hayo nilienda kumsalimia babu wa yule mtoto mwenyeji. Alinipa maziwa, akaniambia wazi: "Mwalimu, baba yangu aliwapokea wa kwanza. Lakini ninyi mnaongezeka, na ng'ombe wangu malisho yanawaishia." Sikubishana naye. Anasema kweli, na sisi pia hatukuchagua kuja.

Jibu nililompa mwanafunzi wangu ni hili: "Ndiyo, hapa ni kwa babu yake. Na babu yake alitufungulia mlango. Kwa hiyo panga foleni, na kichwa usikiinamishe." Bado wanagombana siku nyingine, lakini siku hizi wanacheza mpira pamoja.

Jioni nilimsomea baba yangu nilichoandika. Hajawahi kunisimulia habari za kwetu, miaka yote. Usiku ule akaanza mwenyewe, jinsi babu yake alivyobebeshwa mizigo ya Wabelgiji. Tulikaa mpaka taa ikaisha mafuta.

Wazazi, msingojee shule. Watoto waliozaliwa hapa hawajui historia ya hapa, wala ya kule. Leo usiku, baada ya posho, mwambie mwanao jina la babu yake na la kijiji chake. Kesho akaulize jirani mwenyeji jina la babu yake yeye.