Nanga ya Daraja na Cheti cha Mizunguko Milioni 2

Katika makabrasha ya zabuni ya daraja kubwa la zege hukosi kukuta cheti kinachosema kwamba mfumo wa nanga umepimwa kwa mizunguko 2,000,000 na umefaulu. Sentensi hiyo huwatuliza watu haraka mno. Milioni 2 ni namba nene, nani atabisha? Lakini ukiuliza ni mizunguko ya nini, kwa nguvu kiasi gani, na juu ya chuma kilichokaa katika hali gani, utagundua kwamba cheti kinajibu swali moja tu. Kinalijibu vizuri. Maswali mengine yote yanajibiwa eneo la ujenzi, na mafundi, mara nyingi usiku, wakati mhandisi mshauri ameshaondoka.

Tuanze na kitu chenyewe. Zege huvumilia sana kubanwa, ila likivutwa hupasuka upesi. Mfaransa Eugène Freyssinet, aliyesajili hataza yake mwaka 1928, aliliwekea zege mkazo kabla ya kulibebesha mzigo: nyaya za chuma kigumu huvutwa kwa nguvu, nazo hulibana zege, ili uzito wa magari ukija uanze kwa kula akiba hiyo ya kubanwa. Katika madaraja mengi zege humwagwa kwanza likiwa na mirija mitupu ndani yake. Likishakomaa, nyaya hupitishwa kwenye mirija, huvutwa kwa jeki ya haidroli, kisha hufungwa mwishoni ili zisirudi. Pale zinapofungwa ndipo ilipo nanga.

Msafiri hazioni nyaya hizi. Anayepita Daraja la Kigamboni au la Tanzanite jijini Dar es Salaam huona zile kebo zinazoteremka kutoka kwenye minara, na huzipiga picha. Anayepita Daraja la Nyali kule Mombasa, lililojengwa mwaka 1980, haoni hata moja, akadhani zege linajibeba lenyewe. Chuma kimo ndani, kimevutwa tangu siku ya kwanza, na hakijapumzika.

Nanga ya kisasa haina makuu. Ni bonge la chuma la duara lenye matundu ya umbo la pia, likiegemea bamba lililozikwa katika zege. Kila tundu hupitisha kamba moja ya chuma, na kamba yenyewe imesokotwa kwa waya 7, sita zikiizunguka moja iliyonyooka katikati. Kamba inayotumika sana ina kipenyo cha milimita 15.7, unene wa kidole cha mtu mzima, na hukatika kwa kilonewtoni 279, yaani uzito wa tani 28 hivi. Kinachoishika ni kabari ya vipande viwili au vitatu yenye meno kwa ndani. Aliyewahi kukaza mpini wa jembe anaijua kanuni yake: kadiri kinavyovutwa ndivyo kinavyobana. Jeki ikiachia, kamba hutaka kurudi ndani, huiburuta kabari, hurudi milimita chache (mahesabu mengi huchukua 6), kisha inaganda. Hakuna bolti wala kulehemu. Nguvu yote imeshikwa na yale meno.

Na ugonjwa huanzia kwenye meno hayo hayo. Ili jino lishike ni lazima liume, na kila linapouma linaacha mkwaruzo kwenye waya. Waya huu umetengenezwa kwa chuma kigumu sana, na chuma cha namna hiyo hakipendi mikwaruzo. Mzigo ukiwa umetulia, mkwaruzo hauna neno. Mzigo ukipanda na kushuka mara elfu kwa elfu, kwenye ncha ya mkwaruzo huzaliwa ufa mdogo usioonekana kwa macho, nao huongezeka kidogo kwa kila mzunguko. Hapo chuma huweza kukatika chini ya mzigo ambao kingeubeba miaka mia moja kama usingechezacheza. Huo ndio uchovu wa chuma. Mjerumani August Wöhler aliuchunguza kwa mpangilio katika miaka ya 1850 na 1860, akivunja ekseli za mabehewa ya treni, na tangu hapo wahandisi wanajua kwamba kinachoua zaidi ni tofauti kati ya kilele na bonde la mzigo, kuliko ukubwa wa mzigo wenyewe.

Sasa maabara. Kwa utaratibu wa Ulaya, ambao vyeti vingi vinavyofika Afrika Mashariki huufuata, kamba hufungwa kwenye nanga halisi kwa kabari halisi, katika mashine yenye nguvu ya kutosha. Mzigo wa juu huwekwa kwenye asilimia 65 ya nguvu ya kukatika. Kutoka hapo mzigo hushushwa kwa megapaskali 80 na kurudishwa, mara milioni 2. Kwa kamba moja ya milimita 15.7 maana yake ni kupanda hadi kilonewtoni 181 na kushuka hadi 169. Tofauti ni 12 tu. Wasiozoea hucheka wakiiona namba hiyo. Mashine ikienda mizunguko mitatu kwa sekunde, kazi huchukua siku 7 na saa 17 bila kusimama.

Kabla ya kuanza, fundi huchora mstari wa rangi kwenye kila kamba nyuma ya kabari, kisha hupima kwa kaliper umbali kati ya mstari na uso wa nanga. Mizunguko ikiendelea hupima tena. Anachotaka kuona ni kabari ikisogea kidogo mwanzoni, halafu ikatulia. Kabari inayoendelea kuzama, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, inaonyesha kwamba meno yanateleza au chuma cha nanga kinafunguka.

Waya ukikatika, maabara nzima husikia mlio mkavu. Mtihani hausimamishwi kwa waya mmoja, maana sharti ni kwamba eneo la chuma lililopotea lisizidi asilimia 5. Chukua fungu la kamba 19: lina waya 133. Waya 6 zikikatika, nanga bado imefaulu. Ya 7 ikikatika, imeanguka. Kwa hiyo “imefaulu” haina maana kwamba hakuna kilichovunjika. Mimi hudai ripoti kamili, kwa sababu nanga iliyomaliza bila waya hata mmoja kukatika na ile iliyopona kwa waya mmoja hupata cheti chenye maneno yale yale.

Kisha kabari hufunguliwa, na waya zilizokatika huwekwa chini ya lenzi. Hapa ndipo mtu hujifunza. Waya uliokatika kwa kuvutwa kupita kiasi huwa umekonda shingoni, na ncha yake ina umbo la kikombe. Waya uliokufa kwa uchovu haujakonda. Upande mmoja una doa laini la umbo la mwezi mwandamo, ndiko ufa ulikotambaa, na sehemu iliyobaki ni ya mikwaruzo mikali, ndiko ulikokatika kwa mara moja. Ukilifuata doa hadi chanzo chake, mara nyingi unafika kwenye jino la mwanzo, pale kamba inapoingia kwenye mdomo wa kabari. Ndiyo maana watengenezaji makini huyapunguza makali ya meno ya upande huo na kuchonga pembe ya kabari kwa namna ambayo mbano mkubwa unaangukia nyuma, upande ambao kamba haichezi.

Uchovu si mtihani pekee. Nanga huvutwa pia hadi kamba zikatike, na inatakiwa ifikie angalau asilimia 95 ya nguvu halisi ya kamba hizo, huku chuma kikirefuka asilimia 2 au zaidi. Tena kuna kipimo cha zege lililo nyuma ya bamba, ambalo husukumwa kwa nguvu kubwa mno na hutaka kupasuka ubavuni. Kimoja kisichukuliwe mahali pa kingine.

Je, megapaskali 80 ni nyingi au chache? Katika boriti ambayo zege lake halijapasuka, chuma hurefuka sawa na zege kilimolala. Lori likipita na zege likabadilika kwa megapaskali 4, chuma, ambacho ugumu wake ni kama mara 6 ya zege, hubadilika kwa 24 hivi. Isitoshe, nanga huwekwa mwishoni mwa boriti, ambako mpindo ni mdogo, na uji wa saruji uliojazwa kwenye mirija hupokea sehemu kubwa ya mtikisiko kabla haujafika kwenye kabari. Maabarani nanga iko uchi. Kwa upande huu, basi, mtihani ni mkali kuliko maisha.

Hesabu hiyo inasimama mradi zege halijapasuka. Likipasuka, tofauti ya mzigo katika chuma huruka. Ujerumani ilijifunza jambo hili kwa gharama katika miaka ya 1970, mjini Düsseldorf, ambako mafungu yalivunjika kwenye kiungo cha daraja la barabara. Viungo ni mahali ambapo fungu la awamu moja ya ujenzi huunganishwa na la awamu inayofuata, na hapo wabunifu wa enzi hizo hawakuwa wamehesabu ipasavyo nguvu ya jua: uso wa daraja ukipata joto kuliko tumbo lake, boriti hujipinda, zege la kwenye kiungo hufunguka, na tangu siku hiyo kila lori hulichosha fungu. Kanuni za leo za Ulaya bado zinakumbuka. Kwa mizunguko milioni 1 huruhusu kamba moja moja katika mrija wa plastiki tofauti ya megapaskali 185, mafungu yaliyopinda katika mirija ya plastiki 150, yaliyopinda katika mirija ya chuma 120, na viungo 80 tu. Kushuka kutoka 150 hadi 120 kunatokana na kamba kusuguana na ukuta wa mrija. Nikiona mchoro wenye viungo vyote vimepangwa kwenye sehemu moja ya daraja, huuliza mara mbili.

Kebo za nje, kama zile za Daraja la John Magufuli la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ni ukoo mwingine. Hutikiswa na upepo pia. Kwa kebo zinazobeba daraja kutoka mnarani, kipimo kinachotumika sana ni tofauti ya megapaskali 200 kwa mizunguko milioni 2, mzigo wa juu ukiwa asilimia 45, na nanga hukalishwa kwa mshazari kidogo ili kamba ipinde mdomoni. Cheti cha nanga ya ndani hakitoshi kwa kazi hiyo, hata kama kampuni ni ile ile na kabari zinafanana.

Kuna jambo ambalo mtihani wowote kati ya hii hauligusi: kutu. Maabarani kamba ni mpya, kavu, safi. Tarehe 4 Desemba 1985 daraja dogo la Ynys-y-Gwas kule Wales, lililojengwa mwaka 1953, lilianguka bila onyo kwa sababu chumvi ilikuwa imekula nyaya kwenye maungio ya zege. Mwaka 1992 Uingereza ilisimamisha madaraja mapya yenye nyaya za kujaziwa uji wa saruji, hadi mwaka 1996 kanuni mpya za ujazaji zilipokamilika. Tarehe 11 Septemba 2024 sehemu ya Daraja la Carola mjini Dresden iliporomoka mtoni kabla ya alfajiri. Bahati nzuri hakukuwa na mtu. Uchunguzi wa Profesa Steffen Marx ulikuta chuma kilichopata nyufa za kutu zinazoletwa na haidrojeni, kutokana na unyevu wa wakati wa ujenzi, kisha uchovu wa miaka ya magari na tramu ukamalizia. Waya uliokwisha kuumwa na kutu hauhitaji mizunguko milioni 2. Shimo la kutu ni mkwaruzo ambao hakuna aliyeupima.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Tanzanite limesimama ndani ya Bahari ya Hindi, na kamba za chuma kwa madaraja ya pwani husafirishwa kwa meli na kungoja bandarini katika hewa ya chumvi. Robota ya kamba ikikaa wiki kadhaa chini ya turubai lililotoboka, cheti chake kimeshaanza kusema habari za chuma kingine. Vivyo hivyo kwa kabari: zilizopimwa zilitoka katika chano moja, zinazofungwa darajani zinatoka katika nyingine, na ugumu wa meno hutegemea tanuru la siku hiyo.

Kwa hiyo, ndugu mhandisi wa mteja, mkandarasi akikuletea cheti cha mizunguko milioni 2, kipokee, lakini usikifunge faili. Dai ripoti inayoonyesha waya ngapi zilikatika na zilikatikia wapi. Dai kipimo cha ugumu wa kabari kwa kila shehena. Kagua robota kabla kamba hazijaingia kwenye mirija, na uandike tarehe ya kuzivuta na tarehe ya kujaza uji, ili siku za katikati zihesabike. Wakati wa kujaza, uwepo mwenyewe, usubiri hadi uji utokee kwenye kila tundu la hewa ukiwa mzito kama ulioingia. Kifuniko cha nanga kikishazibwa kwa zege, kukifungua tena ni kazi ya nyundo na pesa nyingi.